Wimbi na Fundi Wake



Mwezi uliopita nilialikwa harusini katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa pwani yetu, kijiji ambacho nguzo za umeme hazijakifikia. Baada ya Isha sisi wanawake tulikaa uani kuchambua mchele wa walima wa kesho yake. Taa zilikuwa za jenereta iliyokodishwa na wenye harusi, nayo ilinguruma hata aliyetaka kusema neno na jirani yake alilazimika kwanza kumshika bega. Ilipofika saa nne na nusu ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Lita zilizonunuliwa zilikuwa zimekwisha, na dizeli nyingine ilikuwa bado iko ng'ambo ikingoja mashua ya asubuhi.

Giza lilipotanda ndipo tulipoisikia sauti iliyofunikwa na jenereta jioni nzima. Nje ya mwamba mawimbi yalikuwa yakipiga, moja baada ya jingine, kama yalivyopiga tangu kabla ya kijiji kile kujengwa. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mpwa wa bibi harusi, akauweka ungo wake chini akasema, "Shangazi, yale hayachoki wala hayanunui dizeli. Kwa nini umeme usitoke kule?"

Wazee wakacheka. Mama yake akamwambia amalize mchele. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa swali lilikuwa zuri kuliko jibu nililokuwa nalo. Nilimwahidi kwamba nitalitafuta jibu na kuliandika katika safu hii, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza ajue kwamba si yeye mwanamke wa kwanza kuuliza. Mwishoni mwa mwaka 1973, baada ya vita vya Oktoba, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta zilizokuwa zikiuza Magharibi, na katika miezi michache bei yake ikapanda takriban mara nne. Wakati huo, katika mji wa Edinburgh huko Scotland, mhandisi mmoja wa chuo kikuu aitwaye Stephen Salter alikuwa amelala kitandani kwa mafua. Mkewe, Margaret Donaldson, mwanasaikolojia wa watoto ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri kuhusu namna watoto wanavyofikiri, alichoshwa na mume anayejihurumia. Akamwambia aache kujisikitikia na badala yake atafute dawa ya upungufu wa nishati. Tena akampa masharti: iwe nguvu nyingi, safi, salama, ifanye kazi hata wakati wa baridi kali ya Scotland, na isiishe kamwe.

Naipenda hadithi hii, wala sioni haya kusema kwa nini. Masharti yale ni ya mtu anayeijua nyumba. Baba wa nyumba huweza kuridhika na taa iliyowaka siku ya ufunguzi na kupigwa picha. Mama huuliza kama itawaka mwezi wa saba, na watoto wakiigusa itakuwaje.

Salter alianza kwa kuwazia kitu duni kabisa, lile boya linalopanda na kushuka ndani ya tangi la choo. Kutoka hapo akafika kwenye chombo kikubwa chenye umbo la tone, kinachoinamisha na kuinua pua yake wimbi linapopita, nacho kikapewa jina la "bata wa Salter". Katika birika la majaribio bata mdogo aliweza kunyonya hadi asilimia 90 ya nguvu ya wimbi. Nyuma yake maji yalibaki karibu yametulia. Hata hivyo bata mkubwa hakuwahi kujengwa baharini. Mwaka 1982 serikali ya Uingereza ilikata fedha za utafiti ule, kukabaki ubishi wa miaka mingi kuhusu hesabu za gharama zilizotumiwa kuukata. Salter mwenyewe aliendelea kuamini, hata alipofariki mwaka 2024.

Kabla hatujaendelea, tutenge mambo mawili ambayo sisi watu wa pwani huyachanganya tunapozungumza haraka. Kupwa na kujaa kwa maji ni kazi ya mwezi na jua, na huzalisha umeme pale penye mkondo mwembamba wenye kasi. Wimbi ni kitu kingine. Jua hupasha hewa joto, hewa husogea ikawa upepo, na upepo hukwaruza uso wa bahari kwa masiku hadi maji yakabeba nguvu yake. Nguvu hiyo huweza kusafiri maelfu ya kilomita na kupotea kidogo tu njiani. Ndiyo maana siku isiyo na upepo hata wa kupepesa kanga, bado unaweza kuyaona mawimbi makubwa yakija: ni upepo wa jana wa nchi ya watu wengine.

Asubuhi ya walima yule binti nami tulifanya jaribio, na ningependa kila mama mwenye watoto wadadisi alifanye pia. Chukua chupa ya plastiki ya lita tano, ikate kitako, uondoe kifuniko. Itumbukize wima ndani ya karai la maji, upande uliokatwa ukiwa chini, kisha iinue na kuishusha taratibu bila kuitoa majini. Weka kiganja juu ya mdomo wake. Unaposhusha, hewa hutoka na kukupuliza. Unapoinua, hewa huingia na kukuvuta ngozi. Watoto wa kijiji kizima walipanga foleni wapulizwe kiganja. Badala ya mkono wako kuishusha chupa, fikiria maji ndiyo yanayopanda na kushuka, na chupa imejengwa kwa saruji mwambani, na mdomoni mwake pamewekwa feni. Umekwisha kujenga kituo cha umeme wa mawimbi.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hutatua ugomvi wa kimaumbile. Bahari ina nguvu nyingi na mwendo wa polepole, wimbi hupita kila baada ya sekunde tano hadi kumi na kitu, ilhali jenereta hutaka kuzunguka mamia ya mara, au elfu na zaidi, kwa dakika moja. Hewa inayobanwa kupita tundu jembamba hugeuza ule mwendo mzito kuwa upepo wa kasi. Palibaki tatizo moja: feni ya kawaida hugeuka upande huu hewa ikitoka na upande ule hewa ikiingia. Profesa Alan Wells wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, alilimaliza katika miaka ya 1970 kwa kubuni turbini ambayo huzunguka upande uleule, hewa iende iendako. Na kwa kuwa turbini iko juu, haigusani na maji ya chumvi, isipokuwa yale yanayorushwa pamoja na hewa.

Turbini hiyo ndiyo iliyopelekwa Islay, kisiwa cha magharibi mwa Scotland chenye watu wapatao elfu tatu. Wataalamu wa Belfast walianza na kituo kidogo cha kilowati 75 kilichojengwa katika ufa wa mwamba, kikafanya kazi ya kufundisha hadi mwaka 1999. Mwaka 2000 kikafuata kikubwa zaidi karibu na kijiji cha Portnahaven. Kiliitwa Limpet, jina la yule kombe mdogo anayeganda mwambani hata wimbi limpige vipi asibanduke. Wajenzi walichimba shimo nyuma ya ukingo wa jabali, wakauacha ukingo huo uwakinge na bahari walipokuwa wakimimina saruji, na walipomaliza wakaulipua ili maji yaingie. Kwa mara ya kwanza duniani kituo cha mawimbi kiliuza umeme wake katika gridi kibiashara.

Kilikadiriwa kuwa na uwezo wa kilowati 500. Baadaye ukateremshwa hadi 250, kwa kuwa nguvu iliyofika chumbani haikuwa ile iliyotarajiwa kwenye karatasi. Turbini yake ilipiga kelele kama mnyama anayevuta pumzi. Pamoja na hayo, iliganda mwambani zaidi ya miaka kumi, kisha ikazimwa. Wenyewe wa Islay hawakubaki gizani ilipozimwa, maana kisiwa chao kina waya wa umeme kutoka bara na mashine za dizeli za akiba. Limpet ilikuwa msaidizi, haikuwa tegemeo. Tofauti hiyo tuiweke akilini.

Kisiwa cha Pico kilikuwa katika hali nyingine. Pico ni mojawapo ya visiwa vya Azores, vya Ureno, katikati ya Atlantiki, karibu kilomita 1,500 kutoka bara. Huko hakuna waya wa kutoka popote. Mafuta huja kwa meli. Mwaka 1999 kituo cha kilowati 400 kilikamilika kwenye mawe meusi ya volkano, chini ya uongozi wa wataalamu wa Lisbon. Karibu mara moja shida zikaanza. Maji yaliingia penye vifaa vya umeme. Kituo kikasimama miaka kadhaa. Kikatengenezwa na kuanza tena mwaka 2005, kisha kwa muda mrefu kikalazimika kufanya kazi chini ya uwezo wake kwa sababu turbini ilitetemeka kupita kiasi. Wataalamu waliokipenda hawakukiacha. Walikihangaikia kama mtu anavyomhangaikia mgonjwa wa muda mrefu, na katika miaka yake ya mwisho kilifanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Mwaka 2018 sehemu ya jengo lake ikaporomoka, likafungwa.

Nimesoma habari za vituo vingi vya aina hii, na nakiri kwamba baada ya muda zinaanza kufanana na habari za wavuvi. Huko Toftestallen, Norway, mnara uliowekwa mwaka 1985 ulibomolewa na tufani moja mwezi wa Desemba 1988. Karibu na Dounreay, kaskazini mwa Scotland, mtambo wa megawati mbili ulizama Agosti 1995 wakati ungali unawekwa, kabla haujauza hata umeme wa kuchemshia birika la chai. Mwaka 2008 vyombo vitatu virefu mfano wa nyoka, vilivyoitwa Pelamis, viliwekwa baharini karibu na Aguçadoura, Ureno; havikumaliza mwaka kabla ya kurudishwa bandarini, na mwaka 2014 kampuni iliyovitengeneza ikafilisika.

Sababu yake ni hesabu ambayo binti wa kidato cha tatu anaiweza. Nguvu ya wimbi hukua kwa kipeo cha pili cha urefu wake. Wimbi la mita tatu halibebi nguvu mara tatu ya wimbi la mita moja. Hubeba mara tisa. La mita kumi hubeba mara mia, na zaidi ya hapo, kwa kuwa mawimbi ya tufani huja kwa nafasi ndefu kati yake, na nafasi ndefu huongeza nguvu. Sasa mtazame mjenzi. Mapato yake yote ya mwaka hutoka kwa mawimbi ya kawaida ya mita moja na mbili. Gharama yake yote huamuliwa na lile moja la usiku mmoja wa miaka kumi. Analipwa na bahari tulivu, anadaiwa na bahari yenye hasira. Upepo wa nchi kavu nao una tufani zake, lakini pangaboi huweza kugeuzwa mabawa yasishike upepo. Kituo kilichojengwa mwambani hakina pa kugeukia.

Kuna mahali palipopata njia. Mutriku ni mji mdogo wa bandari katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Uhispania. Si kisiwa, lakini una funzo kwa visiwa. Wavuvi wake walihitaji ukuta wa kukinga bandari, na ukuta ungejengwa vyovyote vile. Basi ndani ya sehemu ya ukuta huo wakaweka vyumba 16 vya kuvutia hewa, kila kimoja na turbini yake ndogo, jumla kilowati 296. Tufani iliharibu baadhi ya vyumba vikiwa bado vinajengwa, vikarekebishwa, na mwaka 2011 kituo kikafunguliwa. Kimedumu kuliko karibu wenzake wote. Turbini moja ikiharibika, kumi na tano zinaendelea. Na fundi hahitaji meli, mpiga mbizi, wala siku ya bahari shwari: hufungua mlango wa ukuta, akaingia na sanduku lake la vifaa kama anayeingia stoo.

Nilipoifikia habari hiyo ya mlango niliiweka kalamu chini. Katika kusoma kwangu kote kuhusu turbini na saruji, hakuna kilichonishawishi kuliko mlango ule.

Kisiwa cha King, kati ya Tasmania na bara la Australia, nacho kilijaribu. Wakazi wake wanapata watu 1,600 hivi, na gridi yao ndogo, isiyounganishwa na bara, ilikwisha kuzoea upepo, jua, betri na dizeli kufanya kazi pamoja. Mwaka 2021 kilipokea mtambo wa kilowati 200 uliovutwa kwa maji na kukalishwa juu ya sakafu ya bahari karibu na bandari ya Grassy. Ule haukutumia turbini ya Wells. Ulitumia milango inayoruhusu hewa itoke bure, ukachuma nguvu hewa inapoingia tu, na hivyo ukatosheka na turbini ya kawaida ya upande mmoja, iliyo rahisi kutengeneza. Ulijaribiwa, ukaingiza umeme kwenye gridi ya kisiwa, na jaribio likamalizika. Ninachokipenda hapo ni kwamba wimbi halikuombwa kubeba kisiwa peke yake. Liliwekwa katika chungu pamoja na wenzake.

Nitoke kidogo kwenye mawimbi, kisha nirejee. Eigg ni kisiwa kingine cha Scotland, chenye watu mia moja hivi. Mwaka 1997 wakazi wake, wakishirikiana na wengine, walikinunua kisiwa chao kutoka kwa mwenye ardhi, na mwaka 2008 wakawasha umeme wao wenyewe wa maporomoko ya vijito, upepo na jua. Kabla ya hapo kila nyumba ilikuwa na jenereta yake na kelele zake. Walikubaliana sheria moja: hakuna nyumba itakayotumia zaidi ya kilowati tano kwa wakati mmoja, tajiri na maskini sawa. Ukipita hapo unakatika. Kwa hiyo mtu hawashi tanuri, mashine ya kufulia na birika kwa pamoja, huchagua. Umeme ukizidi, hupelekwa kupasha joto majengo ya jumuiya. Na walifundisha wenyeji kuitunza mitambo. Hakuna wimbi hata moja katika hadithi hiyo, lakini kama ningekuwa na nauli ya kwenda kisiwa kimoja tu kujifunza, nisingekwenda Islay wala Pico. Ningekwenda Eigg.

Turudi kwetu sasa, maana najua binti anasoma akingoja.

Ubaya wa kisiwa kutegemea njia moja ya umeme hatuhitaji kwenda Azores kuujua. Ndugu zetu wa Unguja walikaa gizani karibu miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme inayotoka bara ilipoharibika. Pampu za maji zilisimama, na pampu zikisimama ni mwanamke anayebeba ndoo. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010, na Unguja ikaongezewa mwingine wenye uwezo wa megawati 100 mwaka 2013. Kwa visiwa vikubwa vyenye miji, waya wa chini ya bahari ni jibu. Kwa kijiji cha nyumba mia mbili, hesabu ya waya haikubali.

Je, mawimbi yetu yanatosha? Pwani za magharibi za Ireland na Scotland hupata wastani wa kilowati 50 au zaidi kwa kila mita moja ya upana wa wimbi. Karibu na ikweta ni sehemu ndogo ya hiyo, mara nyingi kati ya 10 na 20, na kwetu kusi huleta zaidi kuliko kaskazi. Ukiishia hapo utaona sisi ni maskini. Lakini rudia ile hesabu ya mjenzi. Tufani kubwa za bahari hazistawi kwenye ikweta yenyewe. Hupata nguvu zikiwa mbali nayo. Kwa hiyo pengo kati ya wimbi letu la kila siku na wimbi letu baya kabisa ni dogo kuliko la watu wa Islay. Mshahara wetu ni mdogo, na mwajiri wetu si mkali sana. Mtambo wa kwetu ungeweza kuwa mwepesi na wa bei nafuu zaidi, kama mtu angeubuni kwa ajili ya bahari hii badala ya kuuchukua ule wa Atlantiki na kuupunguza.

Tatizo letu ni jingine, nalo ndilo baraka yetu. Mwamba. Lile tulilolisikia usiku wa mchele lilikuwa likipiga nje, kwenye matumbawe, na ndiyo sababu kijiji kipo. Ndani ya mwamba maji ni tulivu, watoto huogelea, wanawake hutafuta pweza bamvua likikauka. Nguvu yote imekwisha kutumika kabla haijafika ufukweni. Kuichuma ni lazima uende nje ya mwamba na kulaza waya juu ya matumbawe, penye madema ya watu na njia za mashua. Yeyote atakayesema kwamba mwamba upasuliwe ili wimbi liingie, kama ule ukingo wa Islay ulivyolipuliwa, aambiwe arudi alikotoka kabla hajamaliza chai yake. Mwamba uliopasuliwa haushonwi.

Palipo na nafasi ni pale ambapo gati au ukuta wa bandari unaoelekea bahari kuu utajengwa kwa sababu nyingine. Hapo swali la Mutriku linastahili kuulizwa mapema, kabla saruji haijamiminwa: je, vyumba vya hewa vinaweza kuwekwa ndani? Baada ya ukuta kwisha, swali hilo huwa ghali. Na pale penye visima vya maji ya munyu na majabia yanayokauka kabla ya masika, kuna wazo jingine ninaloliona karibu zaidi na maisha ya mwanamke wa kisiwani kuliko taa: boya ambalo wimbi hulifanya pampu, likasukuma maji ya bahari kupita kwenye chujio na kutoa maji matamu bila kupitia umeme hata kidogo. Vyombo vya namna hiyo vipo na vinaendelea kujaribiwa duniani.

Kwa umeme wenyewe, jibu langu kwa binti, na najua halitamfurahisha, ni kwamba kijiji chake leo kianze na jua. Paneli zimeshuka bei sana katika miaka hii, hazina kinachozunguka wala kinachopigwa na bahari. Wimbi lina sifa ambayo jua halina: hufanya kazi usiku, na huzidi wakati wa kusi, mawingu yanapotanda. Kwa hiyo litakuwa mke mwenza mzuri siku likipatikana, si bibi wa nyumba.

Hata hivyo kuna jambo niliona siku ile ya walima ambalo limenifanya niandike yote haya. Tulipokuwa tukipeleka sahani kwa jirani tulipita karibu na chumba kimoja cha matofali kando ya diko. Juu ya paa paneli za sola zilimeta, safi, zimepangwa vizuri. Mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu. Nikauliza. Nikaambiwa ni mashine ya barafu ya wavuvi, iliyoletwa na wafadhili kwa sherehe, na hotuba, na fulana. Ilifanya kazi miezi mitano. Kisha kifaa kimoja kikaungua, kidogo cha kutosha kiganja. Simu iliyoandikwa ukutani haipokelewi. Ni mwaka wa pili sasa, na samaki wanauzwa kabla ya adhuhuri kwa bei anayotaka mnunuzi, kwa sababu jioni watakuwa wameharibika. Mke wa mvuvi mmoja alinionyesha kwa mkono wake tofauti ya bei hiyo katika pesa za shule. Jua lilikuwa likiwaka juu ya paneli zile tangu asubuhi. Hakuna aliyelipungukia jua.

Basi nilipokuwa nikisoma kuhusu Pico, na maji yaliyoingia penye vifaa, na miaka ya kusimama, sikuwa nikiwaona Wareno. Nilikuwa nikiliona lile kufuli.

Ndiyo maana, ikitokea siku wageni waje na mchoro wa mtambo wa kuvuna mawimbi, au wa kitu kingine chochote, ningependa wanawake wa kijiji wawe barazani, wasiwe jikoni wakipika pilau ya wageni. Wao ndio watakaouliza nani hapa amefundishwa kukifungua na kukifunga. Kipuri kinauzwa wapi, Mombasa au ng'ambo ya dunia. Mtambo ni mali ya nani siku mradi ukiisha. Mlango wake uko upande gani, na je, mtu anaweza kuufikia kwa miguu mwezi wa saba.

Nilikuwa nimekusudia kuimalizia safu hii hapo, lakini juzi nilipata ujumbe wa simu kutoka kisiwani. Yule binti anasema wamelirudia jaribio la chupa shuleni, na mwalimu wa fizikia amewaruhusu kubandika mdomoni pangaboi la karatasi. Linazunguka, lakini hugeuka nyuma kila hewa inapoingia, na anataka kujua yule profesa wa Belfast aliyakata mabawa yake vipi. Nitamchorea. Chini yake ameongeza swali la pili. Anauliza ni chuo gani cha ufundi, Mombasa au Malindi, kinachopokea wasichana wanaotaka kusomea umeme, na kama kina bweni, kwa sababu baba yake amesema bila bweni la wasichana haendi mtu.

Nimeanza kumuulizia. Msomaji ambaye binti yake amepitia chuo cha namna hiyo, na bweni lake analijua, tafadhali anijulishe kupitia ofisi ya jarida kabla ya shule kufungwa.